Mtoto Anashikwa na Degedege, Mama Anatazama Saa

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 31, nimeolewa na nina watoto wawili, na ninaishi katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa ambao naomba usiutaje. Nilisomea uuguzi, lakini kwa miaka mitatu sasa siko wodini. Ninafanya kazi katika chumba cha simu za dharura, ambako tunapokea taarifa za wajawazito waliopatwa na matatizo, za kinamama waliotoka kujifungua na za watoto wachanga, tunauliza maswali, tunaamua mgonjwa apelekwe wapi, kisha tunatafuta gari la wagonjwa lililo karibu au dereva wa kijijini aliyekubali kuifanya kazi hiyo. Tunakaa wawili kwa zamu, na zamu ya usiku huniangukia mimi mara nyingi kuliko wenzangu kwa sababu ninaishi karibu.

Sina ugomvi na kazi yangu. Tatizo limeanzia nyumbani, jioni moja ya Jumamosi, wakati mama mkwe wangu alipokuwa amekuja kututembelea kutoka kijijini. Mtoto wangu mdogo, mwenye miaka miwili, alikuwa ameshinda na homa. Nilimpa dawa ya kuishusha na kupanga kumpeleka hospitali asubuhi. Usiku ulipoingia alikakamaa mikononi mwa bibi yake, macho yakageuka, mikono na miguu ikaanza kutikisika. Bibi alipiga yowe. Mume wangu alikimbilia jikoni, akarudi na kijiko ili amtie mtoto mdomoni, huku mama yake akiagiza iletwe ndoo ya maji. Mimi nilimchukua mtoto nikamlaza kwa ubavu juu ya mkeka, nikasogeza kigoda kando, nikamlegeza nguo shingoni, kisha nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa 2:14.

Nikasema, kwa sauti ileile ninayoitumia kazini: "Kijiko weka chini. Maji hapana. Katafute bajaji, ije hadi mlangoni." Mume wangu alibaki amesimama. Nikayarudia maneno yaleyale bila kupandisha sauti, mara tatu, mpaka akatoka. Mama mkwe akaniuliza kama mtoto anakufa, nami badala ya kumjibu nikamwuliza, "Alianza kutikisika upande mmoja au pande zote?" Saa 2:17 mtikisiko ulikoma, mtoto akalegea na kuanza kulia, tukaondoka. Hospitali walimkuta na malaria, wakamlaza siku mbili, na sasa anacheza kama kawaida.

Shangazi, tangu siku ile nyumba yangu haijatulia. Mama mkwe amewaambia ndugu wote neno moja, na neno hilo limezunguka ukoo mzima: "Mtoto anashikwa na degedege, mama yake anatazama saa." Mume wangu naye anasema kazi imenifanya kuwa na moyo wa jiwe, kwamba wote walilia usiku ule isipokuwa mimi niliyemzaa. Anasema hata simu zake sizipokei kama mke, kwa maana kabla hajamaliza kunisalimu nimekwisha kumwuliza yuko wapi. Hilo ni kweli. Wiki iliyopita alinipigia mama mkwe mwenyewe, mtu ambaye inanipasa kumwamkia kabla ya neno lingine lolote, nami nikapokea na kusema, "Ndiyo, uko wapi?" Alikata simu.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Wakati wa masika muuguzi wa zahanati moja alinipigia usiku, ana mama aliyejifungua na damu haikatiki, na gari nililolituma likakuta mto umefurika. Nilitafuta gari jingine upande wa pili, wanaume wa kijiji wakambeba yule mama kwa kitanda na kumvusha kwenye daraja la magogo, na kwa muda wa dakika arobaini nilikuwa na simu tatu, ya muuguzi, ya dereva wa kwanza na ya dereva wa pili. Dereva wa pili aliponiambia "nimempakia, naondoka", simu nyingine iliingia, ya mtoto njiti, nikaipokea. Sikujua yule mama aliishia wapi. Ningeweza kuuliza kesho yake, lakini niliogopa, na kila nikikumbuka kwamba sikuuliza nahisi kwamba mume wangu anasema kweli.

Mwezi uliopita alikuja mgeni kututembelea ofisini, akatuita mashujaa. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilitazama meza.

Mume wangu anataka niache kazi nifungue duka la vitenge, na mtaji anao. Naomba unishauri. Je, kazi hii humgeuza mtu moyo? Na mtu ambaye hakulia mwanawe anapotikisika mbele yake anafaa kweli kukaa kwenye simu ile?

Ni mimi,
Mwenye Moyo wa Jiwe, Kanda ya Ziwa

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ile saa ya ukutani, kwa kuwa ndiyo iliyokupeleka mahakamani. Daktari wa zamu aliyempokea mtoto wako bila shaka aliuliza ametikisika kwa muda gani, nawe uliweza kumjibu dakika tatu. Laiti swali hilo lingejibiwa na mumeo au na bibi yake, jibu lingekuwa "muda mrefu sana", nao wasingekuwa wanasema uongo, kwa sababu mtu aliyeshikwa na hofu dakika tatu huzihisi kama nusu saa. Degedege la homa kwa mtoto wa umri huo kwa kawaida hukoma lenyewe kabla ya dakika tano. Likipita hapo, mtoto anahitaji dawa ya kulikatisha, na yule anayempokea anapaswa kulijua hilo kabla hajamgusa. Kwa hiyo kutazama saa lilikuwa jambo ambalo mtoto alilihitaji na ambalo hakuna mwingine chumbani aliyeweza kulifanya. Kijiko kingemvunja meno au kumziba njia ya hewa, na maji ya ndoo yangeweza kumwingia mapafuni. Uliyazuia yote mawili kwa maneno matano.

Sasa msikilize na mama mkwe wako. Mwanamke wa umri wake amelelewa akiambiwa kwamba degedege ni ndege mkubwa anayepita juu ya nyumba usiku na kumwangushia mtoto kivuli chake, na katika malezi hayo mama wa mtoto hupiga kelele, hukimbia, huita majirani. Yowe lile ni kazi. Ndiyo namna yake ya kupiga simu ya dharura. Alipokuona umenyamaza alidhani umekwisha kumkatia mtoto tamaa. Hakukuona unafanya chochote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kunyamaza na kuhesabu ni kufanya kitu.

Mimi nilikuwa mkunga wa zahanati ya kijijini kabla simu za mkononi hazijafika huko, na nafahamu vizuri upande wa pili wa waya unaoukalia wewe. Mama akianza kuvuja damu usiku, niliandika barua kwa kalamu ya risasi, nikampa kijana mwenye baiskeli, naye akaipeleka hospitali ya misheni iliyokuwa mwendo wa saa mbili kwa baiskeli, ili waje na Land Rover yao kama ipo na kama ina mafuta. Barua yangu haikuweza kuulizwa maswali. Nikisahau kuandika kwamba kondo la nyuma halijatoka, basi gari lilikuja bila kujua. Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu unaowaua kinamama, yaani kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Wewe umewekwa katikati kabisa, kwenye ule wa pili, ukiwa umeshika pande zote mbili za kamba. Ndiyo maana huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga iitwayo m-mama, iliyojaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga kabla ya kupelekwa mikoa mingine kuanzia mwaka 2022, ilijengwa juu ya simu na mtu wa kuipokea, na magari yakafuata nyuma ya mtu huyo.

Na kama mumeo anaiona kazi yako kuwa ni kupokea simu tu, kosa hilo si lake peke yake. Huko Marekani, ambako simu ya kwanza ya 911, namba ya dharura ya huko, ilipigwa katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama, tarehe 16 Februari 1968, wapokeaji wa simu za dharura kwa miaka mingi wamewekwa katika uainishaji wa kazi wa serikali kuu fungu moja na makarani wa ofisi, na wamelazimika kupigania wahesabiwe pamoja na askari na wazimamoto. Kazi isiyo na sare wala king'ora ni vigumu kuionyesha kwa mtu.

Nawe umeniuliza kama unafaa. Nitakujibu kwa yale uliyoyaandika mwenyewe, kwa kuwa umeyaandika bila kujua kwamba unajisifu.

Jambo la kwanza ambalo mpokeaji wa simu analihitaji ni mahali, kabla ya jina na kabla ya ugonjwa, kwa sababu simu ikikatika baada ya mahali kujulikana gari bado linaweza kwenda, lakini ikikatika baada ya ugonjwa kuelezwa kwa ufasaha wote hakuna kinachowezekana. Na kwetu mahali ni fumbo. Watu hawasemi namba ya nyumba hata pale ambapo namba imekwisha kubandikwa ukutani. Wanasema wapo nyuma ya kwa mzee fulani, ukipita mashine ya kusaga, kabla hujafika ule mwembe ulioanguka. Mwenye kuijua kazi humwuliza aliyepiga anaona nini mbele yake, anasikia nini, shule iliyo karibu inaitwaje, nani anaweza kusimama barabarani na tochi. "Uko wapi?" ulilomwambia mama mkwe wako ni swali ambalo umelifundishwa vizuri mno, hata limekaa mahali pa shikamoo.

Hapo ndipo kazi yako inapokuwa ngumu kuliko ya mwenzako wa London au Chicago, na sijaona watu wakilizungumzia. Mswahili hupiga simu ya msiba akaanza na habari za asubuhi. Baba mzima ambaye mkewe anavuja damu kitandani atasema shikamoo, atauliza habari za kazi, atajitambulisha kwa ukoo, kwa sababu kuomba msaada bila salamu kwake ni utovu wa adabu, na ukimkatiza kwa ukali anaweza kujiona amedharauliwa na kukata simu. Kumwondoa mzee kwenye salamu na kumwingiza kwenye maswali ndani ya pumzi moja, bila kumvunjia heshima, ni ufundi unaojengwa kwa mamia ya simu. Niliwahi kumsikia binti mmoja akisema, "Marahaba baba, nipo nawe, niambie kwanza mlipo," na yule mzee akajibu mahali palepale. Salamu ilipokelewa, heshima ikabaki, na dakika haikupotea.

Kisha yapo maswali yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari mmoja wa Salt Lake City, Jeff Clawson, aliandika maswali kwenye kadi ili kila anayeinua simu aulize yaleyale kwa mpangilio uleule, na amwelekeze aliyepiga nini cha kufanya wakati gari lipo njiani. Kabla ya hapo ubora wa msaada ulitegemea bahati ya nani yuko zamu. Lakini kadi haimwulizi mtu kwa lugha ya nyumbani kwake. Ukimwuliza bibi wa kijijini damu imetoka kiasi gani atasema "nyingi", na kila damu ni nyingi kwa anayeiona. Ukimwuliza kanga ngapi zimeloa, atahesabu. Ukiuliza kama mgonjwa anapumua utaambiwa anapumua, tena anakoroma, kumbe mkoromo ule wa kukatikakatika mara nyingi ni moyo uliokwisha kusimama, na ndiyo sababu swali linapaswa kuwa kama anapumua kawaida. Neno hilo moja ndilo linaloamua kama mtu aliye karibu ataambiwa apige magoti na kubonyeza katikati ya kifua, kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku sauti ya upande wa pili ikimhesabia, au ataambiwa asubiri na mtu akamfia mikononi.

Ulimrudia mumeo maneno yaleyale mara tatu bila kupandisha sauti. Yeye aliyasikia kama amri ya mtu asiyejali, lakini mtu aliyeduwaa hasikii hoja wala maelezo mapya. Husikia sentensi fupi inayorudi ileile, kwa sauti ileile, mpaka ipenye. Ukibadilisha maneno anaanza kuelewa upya. Ukipandisha sauti, hofu yako inaongezeka juu ya yake. Mumeo alitoka kutafuta bajaji kwa sababu ulirudia, na sidhani kama analikumbuka hilo.

Usiku wa mto uliofurika sina haja ya kuueleza. Kumshika muuguzi asiachie tumbo la mgonjwa, kumgeuza dereva mmoja, kumwamsha mwingine, na kuijua njia ya daraja la magogo kwa sauti za watu ambao hujawahi kuwaona, kwa dakika arobaini, ni kazi ambayo mimi na barua yangu ya baiskeli tusingeiweza hata kwa siku nzima.

Kuhusu neno shujaa, nami ningetazama meza. Silipendi neno hilo likisemwa na wageni, kwa sababu shujaa haulizwi kama amelala, hapewi likizo, wala hatarajiwi kuwa na mama mkwe. Afadhali wangekuuliza zamu za usiku umefanya ngapi mfululizo. Hata hivyo linatokana na jambo la kweli. Usiku mmoja wa Novemba 1935 nyumba ya daktari iliungua katika mtaa wa Wimpole, London, wakafa wanawake watano, na jirani aliyejaribu kuwaita wazimamoto aliwekwa kwenye foleni ya simu za kawaida, kwa kuwa mhudumu wa kituo cha simu hakuwa na namna ya kujua ipi ni ya moto na ipi ni ya maongezi. Kutokana na hasira ya tukio lile ilizaliwa namba 999, ambayo ilianza kutumika London tarehe 30 Juni 1937, na kwenye vituo vya simu ikawekwa taa nyekundu na king'ora ili mhudumu aache yote. Mtu aliyekaa mbele ya taa ile ndiye babu wa kazi yako. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba akipigiwa anakuwepo.

Sasa niseme unapokosea, kwa kuwa hukunilipa nikubembeleze.

Kwanza ni homa ile. Mtoto wa miaka miwili mwenye homa ya kutwa, katika ukanda wenye malaria, hasubirishwi asubuhi, na angekupigia mama mwingine ungemwambia hivyohivyo. Hayo yaishe hapo. Nadhani umekwisha kujisema vya kutosha.

Pili, na hili ndilo kubwa, sauti ya kazini ilikuwa sahihi kuanzia saa 2:14 mpaka mtoto alipopokelewa hospitali, lakini baada ya hapo hukuivua. Barua yako haina mahali popote ulipokaa na mumeo siku ya pili ukamwambia kwamba nawe uliogopa. Kazini simu inapokatika inaingia nyingine, na hiyo ni sawa, kwa sababu aliyepiga hakudai kitu zaidi kwako. Nyumbani watu wanabaki. Mama mkwe wako alikuuliza kama mjukuu wake anakufa, ukamjibu kwa swali, na mpaka leo hajajibiwa lile la kwake.

Kwa hiyo nenda kijijini kwake. Usipige simu. Nenda na mtoto, mwamkie kama inavyompasa, mpe zawadi yake, na msile chakula mkiwa na neno hilo katikati yenu. Mwambie usiku ule mikono yako ilikuwa baridi (nina hakika ilikuwa baridi), na kwamba ulinyamaza kwa sababu ungefungua mdomo kwa kilio usingeweza kuufunga. Kisha umwonyeshe. Mlaze mtoto kwa ubavu, mwache yeye amshike begani na nyongani, mweleze kwa nini mdomo hauingizwi kitu, na mwambie kwamba wakati mwingine, Mungu apishe mbali, wewe utamshika mtoto na yeye ndiye atakayetazama saa na kukutajia dakika. Mama mzee aliyepewa kazi kwenye dharura huwa msaidizi bora kuliko vijana kumi. Nimewazalisha wanawake mbele ya mama zao kwa miaka mingi, na aliyenisumbua siku zote alikuwa yule niliyesahau kumpa la kufanya.

Mumeo anahitaji kitu tofauti. Huwezi kumsimulia simu za watu, kwa kuwa siri za wagonjwa si zako, wala usijaribu hata ukibadilisha majina. Lakini unaweza kumwambia ulichokihisi bila kumtaja mgonjwa. "Leo nilikuwa na usiku mbaya, naomba nikae kimya nusu saa, kisha nitakuwa nawe" ni sentensi ambayo mume yeyote mwenye akili anaweza kuishi nayo, na ni tofauti sana na kimya ambacho hakikutangazwa. Na akipiga simu, jizoeze kutulia kabla ya kuinua, uvute pumzi moja, useme jina lake. Mkunga mmoja niliyefanya kazi naye alikuwa akinawa mikono mara ya pili anapofika mlangoni kwake, ingawa alikwisha kunawa zahanati. Alikuwa anajua anachokiacha nje.

Tatu ni yule mama wa ng'ambo ya mto. Hukuuliza kwa sababu uliogopa jibu, na mtu mwenye moyo wa jiwe haogopi majibu. Nakushauri uulize, hata sasa. Mwombe msimamizi wako, au mpigie muuguzi yule wa zahanati, ambaye naye huenda anasubiri mtu wa kuzungumza naye juu ya usiku ule. Ukisikia alipona, utakuwa umelipata lililo lako. Ukisikia hakupona, utalia, na itakuwa ni kwa habari uliyonayo badala ya hii ya kubuni inayokurudia kila usiku. Na kwa siku za mbele mwombe msimamizi iwe desturi ya chumba chenu, kwamba anayemaliza zamu yenye simu nzito aambiwe kesho yake mgonjwa aliishia wapi. Watafiti wa Marekani waliowachunguza wapokeaji wa simu za dharura wamekuta kwamba hata mtu asiyekanyaga eneo la tukio anaweza kupata dalili za kiwewe, yaani usingizi kukatika, kushtuka kwa mlio wa simu, kukumbuka sauti ambayo hana sura ya kuiambatanisha nayo. Ukijiona unazo hizo kwa wiki kadhaa, usije kwangu. Nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili katika hospitali ya mkoa, kama ambavyo ungemshauri mwenzako aende.

Kuhusu duka la vitenge, mtaji wa mumeo ni heshima, na usilijibu jambo hili kwa hasira wala kwa kutaka kumridhisha. Maoni yangu ni kwamba ubaki, kwa sharti moja, kwamba uzungumze na ofisi juu ya zamu za usiku. Kuishi karibu si sababu ya kumpa mtu mmoja usiku wa wote, na mpokeaji aliyechoka husikia "anapumua" akaacha kuuliza "kawaida". Andika barua, taja idadi ya zamu ulizofanya kwa miezi mitatu, omba mgawanyo sawa. Wakikataa kabisa, ndipo ulifikirie duka.

Safari ya kijijini usiichelewe. Jumamosi ijayo, kama huna zamu, ondokeni na basi la asubuhi, na kabla ya kupanda mpigie mama mkwe umwambie mnakuja. Anza na shikamoo.